Njia ya Mpale Huulizwa Mpale

Watu husema lori limekwama konani. Mimi niliyeanza maisha ya barabarani nikiwa utingo, kabla ya kushika usukani, naona mara nyingi linakuwa limekwama tangu siku lilipopakiwa. Limekwamia dukani au kwenye simu, pale tajiri mwenye gari alipokubali kupeleka mzigo mahali asipopajua, na asimpigie mtu wa huko kumuuliza njia ikoje. Kona humalizia tu kazi iliyoanzwa na wengine.

Funzo hilo nililipata Mpale.

Mpale ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, juu milimani Usambara Magharibi. Anayepita barabara kuu ya Segera kwenda Moshi haioni. Anachoona ni Korogwe ya chini, nchi ya joto na mkonge, iliyo takriban mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, na mkono wake wa kulia safu ya milima inayofuatana naye mpaka Mombo na kuendelea. Mkono wa kushoto ndiko iliko Handeni. Wengi wetu tulikuwa tumezoea upande huo wa Handeni, kubeba mahindi katika nchi ya vilima vidogo vidogo, ambako njia ikiharibika adui ni tope, na ukishindwa kwenda mbele unatafuta uwazi, unageuza, unarudi. Mlimani hakuna kugeuza. Tofauti yote iko hapo, na karatasi ya mzigo haiielezi.

Ilikuwa miaka ile ya shule za kata, katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, kila kata nchini ikiwa mbioni kupata madarasa yake ya sekondari. Saruji ilikuwa ikitoka kiwandani Pongwe, Tanga, na kila mwenye gari alikuwa anasaka mzigo. Tukapakia mifuko 200 kwenye Fuso. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo ni tani 10 kamili, bila kuhesabu uzito wa gari lenyewe. Dereva wangu alikuwa mtu mzima, na nilimwita mzee wakati utingo wenzangu waliwaita wao suka. Kabla ya kuwasha gari aliuliza swali moja: gari linafika? Akajibiwa, linafika. Baadaye tulikuja kujua kwamba aliyejibu alikuwa amepanda huko kwa pikipiki. Hakudanganya. Pikipiki yake ilifika.

Barabara ya mlimani ina siri ambayo abiria haijui. Wajenzi huchonga ubavu wa mlima, na udongo uliochongwa humwagwa upande wa bonde ili kuongeza upana. Nusu ya ndani ya barabara, basi, imekalia mlima wenyewe, na nusu ya nje imekalia udongo wa kujazia. Kwa macho huoni mpaka kati ya nusu hizo. Majani yameota, Land Rover zimepita miaka na miaka, yote inaonekana ni barabara. Mpaka huo unaujua siku unapoukanyaga na tani 10. Dereva mzoefu hubana upande wa mlima, lakini upande wa mlima ndiko uliko mtaro wa maji. Fuso lina upana wa karibu mita mbili na nusu, na mahali pengine njia ile ililizidi kwa hatua moja tu.

Halafu kuna kona. Tairi za nyuma hazipiti zilipopita za mbele. Hukata kona kwa ndani, na kadiri gari lilivyo refu ndivyo zinavyokata zaidi. Ukipanua kwa mbele ili nyuma isiingie mtaroni, tairi ya mbele inakanyaga udongo wa kujazia. Ukibana mbele, nyuma inazama mtaroni. Uamuzi huo unatakiwa ufanywe gari likiwa gia ya kwanza, halina mwendo wowote wa akiba, na ukisimama kidogo itabidi uondoke upya kwa klachi ambayo imeshaanza kunuka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mimi nilikuwa chini, natembea nyuma ya gari na gogo begani, kazi ya utingo wa mlimani tangu enzi na enzi: gari likisita, unalisukumiza gogo nyuma ya tairi kabla uzito haujaanza kurudi. Katika kona moja nikasikia mawe yanabingirika upande wa bonde. Hayakuwa mengi, lakini mzee aliyasikia hata kwa sauti ile ya injini, akarudisha usukani upande wa mlima. Mbele ikapona. Nyuma ikaingia mtaroni, na gari likakalia difu.

Asiyejua magari atadhani ni suala la nguvu, ukanyage mafuta litoke. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye tairi isiyo na kizuizi. Tairi za mtaroni zilikuwa zinazunguka kwenye tope, na za upande wa pili, zilizoshika ardhi ngumu, zimetulia kimya. Kila ukikanyaga, unachimba. Mzee alijaribu kidogo, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akaniambia, “Weka gogo, mwanangu, halafu weka na mawe. Hapa hatutoki kwa mafuta, tutatoka kwa jembe.”

Watu wa mlimani hawachelewi. Kabla hatujafungua turubai walikuwa wameshafika, na salamu za Kisambaa zikapokezana, onga mshi huku, onga mshi kule. Akaja babu mmoja na panga lake, akalizunguka gari lote bila kusema neno, akainama kutazama difu.

“Shikamoo, mzee,” dereva wangu akamsalimu.

“Marahaba. Mbona hamkushusha kule chini, penye mwembe? Magari makubwa hushushia pale.”

“Hatukuambiwa, mzee wangu.”

“Mlimuuliza nani?”

Dereva wangu hakuwa na jibu, wala mimi. Mzigo ulikuwa umepita mikononi mwa watu wengi tangu Tanga: muuzaji, wakala, mwenye gari, mpokeaji wa mjini Korogwe. Wote walikuwa na simu. Babu huyu aliyeijua barabara yake jiwe kwa jiwe hakupigiwa na yeyote kati yao.

Tulichokifanya baada ya hapo kila dereva amekifanya mahali fulani, lakini nitakieleza kwa sababu gharama yake haiandikwi popote. Kwanza, tulifunga njia. Land Rover iliyokuwa inashusha watu na ndizi kwenda gulioni ilisimama juu yetu, abiria wakashuka na kuendelea kwa miguu, na mikungu ikabaki kwenye gari. Jioni akaletwa mama mmoja mgonjwa kwenye machela. Kati ya bodi ya Fuso na ukuta wa mlima palikuwa na upenyo wa mtu mmoja. Vijana wanne waliombeba ilibidi wajipange wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, waiinue machela mpaka usawa wa mabega na kuilaza ubavu kidogo, huku mama yule ameshikiliwa na dada yake asiteleze. Kondoo wa mtu naye akapita nyuma yao. Hakuna aliyetutukana. Afadhali wangetutukana.

Pili, tuliushusha mzigo wote. Saruji na mvua havipatani, kwa hiyo chini tulitandaza mbao na magome ya migomba, juu turubai, na zamu ya kulishikilia turubai lisipeperuke walipewa watoto. Watu wakaanza kuipandisha mifuko kwa vichwa na mabega hadi shuleni, kwa sababu shule ilikuwa yao. Ilikuwa wiki ya kupanda maharage. Kila aliyebeba mfuko wetu aliacha jembe lake shambani, na hakuna karatasi hata moja, ya tajiri wala ya halmashauri, iliyoandika siku hizo za kazi kuwa ni sehemu ya bei ya madarasa.

Tatu, gari lilipobaki tupu, tulichimba chini ya difu kwa sururu, tukaweka jeki juu ya kipande cha ubao mgumu ili isizame, tukanyanyua kidogo, tukasukuma mawe chini ya tairi, tukashusha, tukanyanyua tena. Babu alikataa mawe ya mviringo. Alitaka yale bapa, yanayolaliana, na kila jiwe alilijaribu kwa mguu kabla ya kuliruhusu. Gari likatoka kinyumenyume, na kinyumenyume hivyohivyo likateremka sehemu yote tuliyokuwa tumeipanda, maana hapakuwa na pa kugeuzia. Nilitembea nyuma nikigonga bodi: makofi mawili njoo, kofi moja simama. Mzee alikuwa haoni chochote nyuma isipokuwa ukungu na kipande cha kioo cha pembeni, na aliendesha kwa makofi yangu.

Tulipofika penye mwembe nilielewa. Palikuwa na uwanja unaotosha Fuso kugeuka, na ardhini kulikuwa na madoa meupe yaliyogandamana, saruji iliyomwagika ya malori yaliyotutangulia. Uwanja ule ulikuwa na historia ya miaka, na sisi tuliupita wakati wa kupanda bila hata kupunguza mwendo.

Nimeendesha magari mengi tangu siku zile, na kabla ya mzigo wowote wa milimani au wa vijijini ndani huuliza maswali matatu. Gari kubwa la mwisho kufika huko likiwa na mzigo lilikuwa la aina gani? Lilifika mwezi gani, kiangazi au masika? Liligeuzia wapi? La tatu ndilo linalotenganisha mtu anayejua na mtu anayekisia. Anayekisia atakwambia barabara ni nzuri. Anayejua atakwambia utageuzia kwenye kiwanja cha mpira, au penye mashine ya kusaga, au hakuna pa kugeuzia. Na huwa sitosheki na jibu la mtu mmoja aliye mjini. Namtafuta dereva wa Land Rover wa njia hiyo, au mwenyekiti wa kitongoji. Simu ya dakika tano ni rahisi kuliko jeki ya siku nzima.

Vijana wa sasa wana ramani kwenye simu, na ramani hiyo ni msaada mkubwa mjini. Mlimani ina kasoro moja: njia ya kupita Scania na njia ya kupita punda inaweza kuzichora kwa mstari uleule. Haikuonyeshi mtaro, haijui udongo wa kujazia, wala haijui kwamba jana mvua ilinyesha. Tatizo hili si letu peke yetu. Uingereza, nchi yenye mabango kila mahali, madereva wa malori bado hunasa kwenye vijia vya mashambani kati ya kuta za mawe kwa kufuata kifaa cha kuelekeza njia, tena wakati mwingine wakilipita bango linalowakataza.

Kwetu sheria nazo zipo, lakini nyingi zinaishia kwenye lami. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Kwenye barabara kuu kuna mizani, na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake, kutegemea idadi ya ekseli. Barabara nyingi za TARURA hazikujengwa kwa uzito huo, na mabango yake mara nyingi huandika mwisho tani 10, gari na mzigo pamoja. Hesabu lile Fuso letu: saruji peke yake ilikuwa imeshaumaliza uzito huo. Huko ndani hakuna mizani. Dereva aliyepita mizani ya barabara kuu ana karatasi safi mfukoni, na karatasi hiyo haimwambii kalavati la kijiji linabeba kiasi gani. Wengi hudhani aliyeruhusiwa lami ameruhusiwa kote.

Ufumbuzi si mpya. Ni kufaulisha: gari kubwa liishie chini, mzigo upande kwa gari dogo. Watu wa bahari wamelikubali jambo hili zamani. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar havipiti lori, na mzigo hushushwa pembezoni ukaingia kwa mkokoteni. Lamu huingia kwa punda. Hakuna anayeona kwamba miji hiyo ina upungufu, na UNESCO imeiweka yote miwili kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Na Korogwe yenyewe ina somo lake. Reli ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikaendelea kuelekea Moshi ikiambaa chini ya milima. Haikujaribu kupanda. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilipotaka mbao za msitu wa Shume, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilijenga njia ya kamba ya chuma kuteremsha magogo na mbao hadi Mkumbara, yakapokewa na treni. Ukoloni ule ulikuwa na ukatili wake na msitu uliliwa vibaya, lakini mhandisi wake aliutazama mlima kwanza, kisha ndipo akachagua chombo. Sisi mara nyingi huchagua chombo kwanza, tukatarajia mlima ujirekebishe.

Kinachozuia kufaulisha ni bei. Tajiri anaona gharama ya kukodi Kenta na vibarua wa kupakia upya, anaona ni hasara. Hajaweka upande wa pili wa hesabu: siku za gari kusimama, klachi iliyoungua, tairi zilizochanika, mifuko iliyoloa na kuganda, na safari ya kurudi iliyopotea. Gharama ya wanakijiji hata haimgusi. Kwa hiyo huahirisha malipo madogo ya hakika akakaribisha makubwa ya kubahatisha, na akikwama humlaumu dereva. Dereva naye hana uwezo wa kukataa. Analipwa kwa safari, na akisema mlima huu sipandi, kuna kijana mlangoni anayesubiri funguo.

Mwaka 2021 hali ileile niliiona tena mahali pengine. Serikali ilikuwa inajenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, na yote yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wanapofungua shule Januari 2022. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Lakini muda ukiwa mfupi, wa kwanza kuachwa ni yule wa kuulizwa njia. Saruji, nondo na bati zilipakiwa kwenye magari makubwa kuliko njia, na vijiji vikachomoa malori matopeni katika msimu wa vuli, wakati watu walitakiwa wawe mashambani.

Hivyo ombi langu ni kwa watu watatu. Mwandishi wa zabuni na mnunuzi wa vifaa: andika kwenye mkataba mzigo utashushwa wapi na nani atalipia kuufaulisha, usiandike jina la kata peke yake. Mwenyekiti wa kijiji kilicho mlimani: weka bango mwanzo wa mlima, hata la ubao na rangi, liseme magari makubwa mwisho hapa, na namba ya simu ya kupiga. Bango hilo ni la bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji ulioloa. Na wewe mwenye gari: dereva wako akikwambia anataka kumpigia kwanza mtu wa huko, mwongezee vocha. Aijuaye njia ya Mpale yuko Mpale, na simu yake hupatikana.